Kabla Hujaja Tulikuwa Tunasimama

"Siyo kichwani, Mama Recho! Kiganjani!"

Wasichana waliopangwa ukutani wakaangua kicheko. Tumpe alikuwa amefika katikati ya mstari wa chaki uliochorwa sakafuni, amebeba trei yenye chupa sita za soda zilizojazwa maji. Chupa zilipoanza kugongana, mkono wake ukafanya kile ulichozoea kufanya tangu ana miaka mitano. Ukapandisha mzigo kichwani. Huko juu trei ikatulia tuli, hata chupa moja isitikisike.

Felix, mwalimu wao, aliyejifunzia kazi kwenye hoteli za watalii Arusha, alijizuia asicheke akashindwa. "Mama yangu, mteja akiona supu yake inakuja imekalia nywele za mtu, ataila?"

"Kwetu tungeila," alisema Tumpe. Wakacheka tena, naye akacheka nao, huku jasho likimtiririka mgongoni.

Alikuwa na miaka arobaini na mbili. Aliyemkaribia kwa umri pale, Goodness, alikuwa na ishirini na mbili. Tangu alfajiri Tumpe alikuwa amekula kiazi kitamu kimoja, na cha pili kilikuwa kwenye mkoba wake kikisubiri jioni, kwa sababu mlango wa jiko la Madamu Jenista ulikuwa umeandikwa kwa wino mwekundu: MWANAFUNZI HALI HAPA. Mabaki ya wateja yalikuwa ya nguruwe wa Madamu.

Mafunzo yalikuwa ya miezi mitatu, bila mshahara. Siku ya kwanza Madamu, mwenye hoteli, aliwaambia wazi kwamba mwisho wa mafunzo nafasi ya kazi ni moja tu. Wote wakaitikia, kila mmoja akijiona ndiye huyo mmoja.

Tumpe aliitaka nafasi ile kwa ajili ya barua. Binti yake Recho alikuwa amefaulu kidato cha nne, na chuo cha uuguzi kilikuwa kimemwandikia aripoti na ada mwezi wa kumi. Recho aliiweka barua hiyo kwenye mfuko wa nailoni ndani ya Biblia, na kila mgeni aliyefika nyumbani kwao Ihanda alionyeshwa, hata wasiojua kusoma.

Kahawa ilikuwepo Ihanda. Mibuni ile Tumpe na mumewe Amoni waliipanda wenyewe mwaka wa ndoa yao. Amoni alipofariki ukoo ulikaa kikao. Tumpe, mtoto wa watu kutoka Ikinga, alipiga magoti uani kuanzia sala ya kufungua hadi sala ya kufunga. Mzee mmoja alimsifu. "Huyu mwanamke amelelewa," alisema. Kisha shamba wakampa Osea, mdogo wa marehemu, pamoja na ruhusa ya kumchukua mjane akitaka. Osea alitaka. Tumpe hakutaka. Wakamwachia kibanda cha jiko na binti yake.

Basi alijifunza. Chakula kinaingia kushoto kwa mteja, sahani chafu inatoka kulia. Glasi hushikwa chini, panapogusa midomo ya watu hapashikwi na vidole. Usiulize "unakula nini", sema "nikuhudumie nini". Kwenye chumba alichopanga mtaa wa Sogea, alizunguka kitanda na mfuniko wa sufuria kiganjani, juu yake mawe matano. Mwezi wa pili ulipofika katikati, trei ilikuwa imemkubali. Felix alimpitisha kwenye mstari wa chaki mara tatu mfululizo, kisha akawaambia wasichana, "Mnamwona huyu? Mtachukuliwa kazi na bibi."

"Bibi yako mwenyewe," alisema Tumpe, akiona raha.

Halafu ikaja siku ya yule mzee wa Zambia.

Ilikuwa mchana, foleni ya malori imenyooka kuelekea mpakani na ukumbi umejaa. Bomba la sinki lilikuwa limekauka, kama kawaida, kwa hiyo wateja walinawishwa kwa jagi na beseni mezani. Felix alikuwa amewafundisha: mhudumu husimama wima, huinama kidogo kiunoni, basi. Tumpe alilijua hilo. Lakini mzee aliyekaa meza namba tatu, mnunuzi wa mahindi kutoka ng'ambo, alikuwa na mvi kichwa kizima na mikono iliyotetemeka. Tumpe alipomfikia, magoti yalishuka yenyewe.

Mzee akanawa. Halafu akakunja viganja, akavipiga polepole mara mbili. "Natotela, mayo," alishukuru kwa Kibemba, akimwita mama. Akamgeukia Madamu aliyekuwa kaunta. "Upande huu wa mpaka sijawahi kupewa heshima hii."

Hapo ndipo Shadrack aliposikika kutoka meza ya pili. Alikuwa kijana wa kushughulikia karatasi za mizigo forodhani, anayekula pale kila siku, viatu vyake vyeupe hata siku ya mvua.

"Madamu! Sasa sisi mbona tunanawishwa tumesimamiwa kama mahabusu? Au kwacha ndiyo inapigiwa magoti, shilingi haipigiwi?"

Ukumbi mzima ukacheka. Madamu Jenista hakucheka. Alikuwa anamtazama Tumpe, aliyekuwa bado chini na beseni lake, kama mtu aliyeokota yai mahali ambapo hakujua kuna kuku.

"Mtapigiwa," alisema.

Jumatatu mstari wa chaki ulikuwa umefutwa. Madamu alisimama mwenyewe mbele ya wanafunzi, akamwita Tumpe katikati na kumwambia awaonyeshe.

"Madamu," alisema Felix, "hili halimo kwenye taratibu za huduma. Popote."

"Felix, hoteli ni ya taratibu au ni yangu?"

Tumpe akawaonyesha. Na Madamu akamrekebisha. Kwa akina Tumpe macho yanatazama chini, lakini hapa yatazame juu, usoni kwa mteja, na meno yaonekane. Kwao ukishanawisha unainuka. Hapa utainuka mteja akisema inuka. Sare mpya zikaja, fupi, ili zisikanyagwe. Ndani ya wiki moja viti vikawa havitoshi. Kuna wateja waliosahau kusema inuka. Kuna wengine waliokumbuka kutosema. Shadrack alikuwa na mchezo wake: alinawa mkono wa kulia, akapokea simu, akaongea hadi mazungumzo yaishe, ndipo akatoa wa kushoto.

Sakafu ilikuwa ya vigae. Magoti ya wasichana yalianza kuchubuka, yakaota vigaga, vigaga vikabanduka. Siku moja nyuma ya jiko Tumpe alimkuta Goodness amekalia ndoo, anajipaka mafuta kwenye goti lililokuwa limevimba.

"Nipe nikukande," alisema Tumpe.

Goodness alisogeza mguu. "Mama Recho, mimi sikuchukii. Lakini kabla hujaja tulikuwa tunasimama."

"Kwetu ile ni heshima, mwanangu. Mkubwa anapigiwa magoti."

"Na kwenu huko, nani anampigia magoti mtu kama Shadrack?"

Tumpe alifikiri. Alifikiri kweli, kwa kuwa swali lilikuwa la haki. "Hakuna," alisema.

Goodness akafunika kopo lake la mafuta.

Tumpe mwenyewe hakudumu ukumbini. Wiki iliyofuata alimpigia magoti dereva mmoja kijana wa Kinamwanga, naye akaruka kitini kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mama, inuka! Inuka, utaniachia laana! Wewe ni sawa na aliyenizaa!" Alitoka mbio, mbavu zake za mbuzi zikabaki mezani zikitoa moshi. Siku mbili baadaye mwingine akafanya vile vile.

"Umri wako unanifukuzia watu," alisema Madamu. "Nenda kwenye vyombo."

"Mafunzo yangu, Madamu?"

"Vyombo navyo ni mafunzo."

Akaosha vyombo. Bado alihesabu siku: mwezi wa tisa ukiisha atakuwa amemaliza, na trei anaibeba, na Felix ni shahidi.

Siku zikiwa zimebaki chache, Recho alikuja kutoka Ihanda na gunia dogo la unga na barua yake, kujua kama kazi imepatikana. Aliingilia nyuma. Pale kwenye mtaro wa maji machafu akakutana uso kwa uso na Madamu Jenista. Recho akatua gunia, akapiga magoti yote mawili kwenye tope, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Madamu hakuondoka. Alimtazama kuanzia kitambaa cha kichwani hadi kwenye nyayo zilizobinuka nyuma. "Huyu amefundishwa na nani?"

"Na mimi!" aliitikia Tumpe haraka kutoka kwenye karai, akicheka, mikono imejaa povu. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka mwezi ule. "Ni wangu huyo, Madamu. Ndiye Recho."

Jioni ile aliitwa kaunta. Felix alikuwepo, anapanga uma.

"Ile nafasi siyo yako," alisema Madamu. "Naona unajua."

"Nimefika miezi mitatu, Madamu. Trei naibeba. Muulize mwalimu."

Felix aliendelea kupanga uma.

"Trei wote wanabeba. Namtaka yule binti."

"Yule ana chuo."

"Nani anamlipia?"

Tumpe akamtazama Felix.

"Chuo hakihami. Aanze Jumamosi. Wewe utabaki kumfundisha, na cheti chako nitakuandikia."

"Madamu, nakuomba." Hakukumbuka kushuka. Alishtukia tu ubaridi wa vigae. "Nakuomba. Mimi nitafanya chochote. Siyo Recho."

Madamu alichungulia juu ya kaunta. "Ona sasa," alisema kwa upole. "Hivyo hivyo. Ila macho juu."

Chumbani Sogea, Recho alimsikiliza mama yake hadi mwisho. Kisha akasema, "Ni kwa muda tu, mama. Barua ina mwaka mzima."

Tumpe aliishia darasa la saba, lakini tarehe alijua kusoma. Aliikunja barua, akairudisha kwenye nailoni, nailoni kwenye Biblia.

Jumamosi asubuhi, kabla wateja hawajaingia, Madamu alivuta kiti cha meza namba tatu. "Kaa wewe. Uwe mteja."

Tangu mwezi wa saba Tumpe hakuwahi kukalia viti vile. Vilikuwa laini kuliko alivyodhani. Recho alitokea jikoni na sare mpya, jagi mkono wa kulia, beseni wa kushoto, taulo begani. Alipiga magoti kama alivyofundishwa uani kwao, taratibu, bila kishindo, macho chini. Tumpe akanyoosha mikono. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Mtoto alikuwa amekumbuka kuyapasha.

"Mwambie," alisema Madamu kutoka kaunta.

Tumpe alikuwa anatazama mstari uliogawa nywele za binti yake. Alikuwa amezisuka mwenyewe jana yake.

"Mama Recho. Mwambie."

"Inua macho," alisema Tumpe.

Recho akainua.

"Na meno," alisema Madamu.

"Na meno, mwanangu."

Recho akatabasamu. Mikono ya Tumpe ilikuwa imeshatakata, lakini hakuna aliyesema basi, na Recho akaendelea kumimina. Beseni likajaa, maji yakapita ukingo, yakashuka mapajani mwake na kuenea kwenye vigae. Hakuacha kutabasamu. Hakuinuka. Tumpe akafungua kinywa aseme neno lile moja, inuka, maana yeye ndiye alikuwa mteja.

"Usimwambie bado," alisema Madamu, akitazama saa ya ukutani. "Tuone."