Ramani ya Kufuli

Pale gerejini kila mtu alikuwa na jina la utani, lakini hakuna aliyelistahili la kwake kama mpwa wa mwenye gereji. Walimwita Kufuli. Alifunga sanduku lake la spana, akafunga droo ya meza yake, akafunga hata kabati alimoweka kikombe chake cha chai. Kama hewa ingefungika, angeitia komeo jirani asije akavuta ya kwake. Ukimwomba bisibisi alikuuliza kwanza unataka kufungua nini, na jibu lisipomridhisha, funguo zilibaki kiunoni.

Mafundi walimcheka na kumvumilia, maana kwenye nyaya kijana alikuwa hodari. Mjomba wake aliponunua kompyuta mpya ya injini kwa ajili ya gari lake kuukuu la turbo, ni Kufuli aliyeing'oa ya zamani, akaunganisha waya mmoja mmoja kwenye soketi mpya, akaifunga kompyuta chini ya dashibodi kwa unadhifu ambao hata wenye wivu walikosa pa kuutia doa. Laiti angeishia hapo.

Kompyuta za namna ile haziji na akili ya gari lako. Zinakuja na ramani ya kuanzia, yaani majedwali ya tarakimu yanayoiambia injini imwage petroli kiasi gani na plagi zipige cheche wakati gani. Kazi ya ramani hiyo ni moja tu: injini iwake, gari lijikokote mpaka kwa mtu atakayekaa nalo barabarani, asome vipimo na kurekebisha tarakimu mpaka mashine ipumue sawasawa. Mjomba hakuyajua hayo. Yeye alikuwa fundi wa enzi za kabureta. Injini aliijua kwa sikio, ila kompyuta aliiheshimu kama mtu anavyomheshimu mama mkwe, kwa mbali.

Na mjomba alikuwa amechoka. Magoti yalikuwa yamegoma kuingia chini ya magari, na alishatangaza kwamba ataachia ufunguo wa chumba cha vipimo, kile chenye meza na dirisha. Atakayepewa ufunguo huo ndiye atakayeongoza gereji nzima. Waliokuwa wakiutazama ni wawili: Kufuli, na binti wa mjomba mwenyewe, mwanamke mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi wa kazi, aliyezisomea kompyuta za injini. Kufuli aliutaka ufunguo ule kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Fikiria, chumba kizima cha kufunga.

Basi aliunganisha kompyuta mpakato na ile ya injini, akakaa na ramani kutwa nzima. Aliongeza petroli hapa, injini ikakohoa. Akapunguza kule, gari likazimika katikati ya barabara, na walio nyuma wakampigia honi kama wanasindikiza maharusi. Mwisho akakata tamaa. Akairudisha ramani ya kuanzia vilevile ilivyokuja, akaapa kuishughulikia kesho, na asije mtu akachungulia, akaifunga kwa neno la siri.

Kesho ilipofika mjomba alikuwa ameshalichukua gari, akazunguka nalo mjini na kurudi akicheka peke yake. Kwa nini asicheke? Wakati wa kufunga kompyuta, gari lilikuwa limetiwa plagi mpya, nozeli za petroli zimesafishwa, na ule mpira wa hewa wa turbo uliokuwa umepasuka muda mrefu umebadilishwa. Baada ya hapo ungelifungia hata redio badala ya kompyuta lingekwenda vizuri. Lakini mjomba alimshika Kufuli mkono mbele ya watu na kumwambia amelifufua. Palepale ndipo kijana angesema kweli, na wala isingemgharimu kitu. Badala yake alitabasamu na kuinamisha kichwa, kama mtu anayeonea haya sifa.

Kuanzia siku hiyo ramani ikaota mbawa. Kwa maneno yake, mara ilimtoa jasho wiki nzima, mara ina ujanja ambao hata watengenezaji hawaujui. Mafundi wakiomba kuona, aliwaambia ramani ni mapishi ya mtu, na huendi jikoni kwa mwenzio kufunua masufuria. Binti wa mjomba alipotaka kutazama tarakimu za turbo tu, Kufuli alifunika kompyuta mpakato kwa kishindo. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, lakini wahenga wangepita wapi, wakati kila mlango umefungwa?

Petroli, hata hivyo, haijui kutunza siri. Ramani ya kuanzia humwaga mafuta kwa ukarimu, injini isije ikaungua mikononi mwa wasiojua. Mdomo wa ekzosi ukawa mweusi kama sufuria ya kuni, na mke wa mjomba akawa anashuka garini nguo zikinuka. Mama huyo hakuhitaji kipimo. Alimwambia mumewe kwamba amechoka kunukia kama kituo cha mafuta, na mambo yakiendelea hivyo yeye atapanda teksi, na mume ahamie garini akaishi na turbo yake.

Mjomba akatoa uamuzi. Jumamosi Kufuli aifungue ramani yake, binti aimalizie pale palipobaki, na atakayeonekana amefanya kazi ya maana ndiye atakayechukua ufunguo. Kufuli aliposikia, alipiga hesabu haraka. Ramani ikifunguliwa, binamu yake angeitambua kwa kuitupia jicho tu kwamba ni ya kiwandani, haijaguswa hata nukta.

Jumamosi mafundi wote walijikuta wana shughuli karibu na gari lile. Mmoja alifagia mahali palipokwisha kufagiwa. Kufuli aliandika neno la siri, likakataa. Akaandika jingine, likakataa. Akajipangusa jasho ambalo safari hii lilikuwa la kweli, akasema kwa masikitiko kwamba amelisahau.

"Kaka, wewe?" binti wa mjomba akamwambia. "Hata ufunguo wa kikombe chako hujawahi kuusahau."

Kicheko kikapita. Kisha binti akaeleza kwamba imebaki njia moja tu, nayo ni kuifuta kompyuta ya injini kabisa. Kila alichokiandika Kufuli kitapotea, nayo itarudi kama ilivyotoka kiwandani, halafu yeye aanze upya.

Katika maneno yote hayo Kufuli alisikia moja tu: kitapotea. Roho ikamtulia kwatu. Ushahidi unafutwa, na anayeufuta ni mpinzani wake mwenyewe! Tena binti akiteleza kidogo tu, watu watasema ile ya Kufuli ilikuwa bora, na kitu kisichoonekana tena hunenepa kila kinaposimuliwa. Akavaa uso wa msibani, akasema wafute tu. Mjomba akampigapiga begani na kumsifu kwa moyo wake mkubwa. Ndiyo shida ya mwongo: anakumbuka vizuri alichosema, anasahau alichofanya.

"Una hakika?" binti akamuuliza. "Sitaki kesho niambiwe nimeharibu kazi ya mtu."

"Futa, dada. Jasho langu, lakini futa. Kwa ajili ya Mjomba."

Binti akafuta. Akamwomba baba yake awashe kwanza, ahakikishe injini inawaka kabla hajagusa tarakimu yoyote. Mjomba akakaa nyuma ya usukani, akazungusha ufunguo.

Injini ikakohoa mara mbili, ikapandisha sauti, ikatetemeka mpaka kioo cha pembeni kikacheza, kisha ikatulia kwenye ule mngurumo wa kuchechemea ambao kila mtu pale alikuwa ameuzoea. Kimoshi cheusi kikatoka nyuma. Mke wa mjomba, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkoba wake, akaziba pua.

Mjomba hakuzima. Aliinamisha kichwa akisikiliza, akamuuliza binti kama ameshafuta au bado. Binti akasema ameshafuta, humo hamna kitu ila cha kiwandani. Mjomba akaliondoa gari, akatoka nalo barabarani. Wakalisikia likipanda mwinuko, turbo ikipiga mluzi wake uleule, ikikwama palepale ilipozoea kukwama. Hapo ndipo Kufuli alipoelewa kwamba kufuta kumeirudisha ramani ileile aliyokuwa ameificha. Alitamani ardhi ipasuke, lakini sakafu ya gereji ilikuwa ya zege.

Gari lilirudi. Mjomba akazima, akashuka polepole kwa sababu ya magoti yake.

"Ni lilelile," akasema. Kisha akamgeukia kijana, bila hasira. "Mpwa wangu, kule ndani ulikuwa umefunga nini?"

Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kufuli alitafuta uongo, akaona wote ameshautumia.

"Nilishindwa, Mjomba," akasema. "Nikaona haya kuuliza."

"Mimi nipo meza ya pili," binti akamwambia. "Ungeniuliza, ningekuonyesha siku ileile."

Aliyasema bila kejeli, kwa hiyo yakamchoma zaidi. Mjomba akautoa ufunguo wa chumba cha vipimo mfukoni, akampa binti yake, wala hakutoa hotuba. Kufuli akaambiwa nyaya zibaki zake, kwa kuwa nyaya zake hazikuwa na kosa, na hata sifa hiyo aliipokea kama kofi.

Binti hakupoteza wakati. Alitaka kufunga kipimo cha moshi kwenye ekzosi, kisha yeye aendeshe na Kufuli akae pembeni na kompyuta mpakato mapajani amsomee tarakimu, ajifunze. Akanyoosha mkono bila kumtazama, akaomba spana.

Kufuli akapeleka mkono kiunoni. Funguo zilikuwa nyingi. Alijaribu mmoja, akajaribu mwingine, mafundi wote wakisogea, kwa kuwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuona sanduku lile likiwa wazi. Mwishowe kifuniko kikafunguka, wakachungulia. Ndani mlikuwa na spana kama za kila mtu.