Gari Lisilochezewa

...limechezewa, ndivyo alivyosema, gari limechezewa, na anasema hivyo amepiga magoti kwenye nyasi, makalio yake mapana yamewaelekea watu wazima na heshima zao, huyu Bwana Aldersey, jaji wa klabu ya magari ya zamani, kofia ya majani kichwani, tochi mkono huu na mkono ule kioo kidogo cha mpini kama cha daktari wa meno, anachungulia nyuma ya kiti cha abiria, kiti cha binti yao Carys, na Glenys amekaa hapo hapo kando kwenye kiti chake cha kukunja, kikombe cha chai mkononi, anatabasamu tabasamu ambalo limeshaanza kumuumiza mataya, limechezewa na nani, wewe bwana, kuna mtu alikuwa anacheza hapa?... "Ni haya matundu ya mikanda tu, Emlyn, ndugu yangu," sauti inatokea huko chini, "mikanda hii haikuja na gari," na Emlyn, mume wake, mzee mzima na mvi zake, amesimama ameshika kofia kifuani kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu, "Ni mambo ya usalama tu, Bwana Aldersey, ni mke wangu aliyetaka..." Ehee! Mke wangu. Mke wangu ndiye aliyelichezea, mpelekeni mke wangu rumande, na kwa nini hasemi kwa nini mke wangu alitaka, kwa nini midomo yake inafika hapo kila mwaka inakauka, na mwaka huu kafanya jambo lingine zuri zaidi, hakumwambia, amemleta hapa Ludlow na mikate ya mayai na chupa ya chai kama kawaida, wamefika uwanjani ndipo anaona wanapangwa mstari wa karibu na ngome, mstari wa kamba nyeupe, daraja la asili, magari yaliyo kama yalivyotoka kiwandani, si kule nyuma kwenye daraja la wazi ambako wamekaa miaka yote na watu wao, wale wenye redio na viti vya ngozi vya kuungaunga, "Nilifikiri tujaribu mara ya mwisho, Glen," kasema, "hawatahesabu mikanda," na amejua fika kwamba watahesabu, maana mfuko wa koti lake umevimba na yeye Glenys anajua kilichomo, ni spana, ameuona mpini wake alipoinama kufuta matairi, spana ya nati za mkanda, ameitoa nyumbani asubuhi akaitia mfukoni mbele ya mkewe akidai anatafuta miwani.

"Lakini mlango huu!" anasema Bwana Aldersey, amejivuta nyuma, anaupapasa mlango kwa kiganja, "mlango huu ni raha kuuangalia, wa kiwandani kabisa, na madigadi hii, na boneti, wallahi ningekuwa na kofia ya pili ningekuvulia na hiyo," na Emlyn anacheka kidogo, na Glenys anataka kumwagia mtu chai, maana mlango huo si wa gari hili, mlango huo Emlyn aliutoa kwenye banda la kuku huko Hereford, wa gari jingine la aina hii hii lililokufa kwa kutu, na madigadi hiyo ya kushoto vilevile, na boneti, na kioo cha mbele, vyote vilikuja baadaye, kimoja kimoja, kipupwe cha kwanza na kipupwe cha pili, Emlyn gereji na taa imewaka na yeye jikoni amekaa gizani, na vyote hivyo si kuchezewa, eti ni vifaa vyenyewe, unaweza kuling'oa gari nusu yake ukaweka nusu ya marehemu mwingine na watu wakaja na tochi wakakusifu, ila toboa matundu ya kumfunga mtu asirushwe nje, basi umeharibu... mlango wa kwanza hauko tena, haujulikani uliko, ule uliofunguka. Ule ambao Carys alijifunza kuufungua akiwa hajafika hata urefu wa gurudumu, maana milango ya magari haya haina mpini wa nje, unapitisha mkono ndani unavuta kamba, na yeye alikuwa anabebwa kiunoni anainama anavuta kamba anapiga kelele, "Nimefungua mwenyewe!", na ulikuwa mwepesi siku zote, kamba ile ukiigusa tu.

Kipaza sauti kinamtafuta mwenye mbwa wa kahawia aliyefungwa karibu na hema la keki. Mwenye mbwa, tafadhali.

Miaka kumi na sita alikuwa nayo Carys, ametoka mazoezi ya kupiga klarineti, baba amemfuata na gari kwa sababu lilikuwa jioni ya jua na yeye mwenyewe ndiye aliyepiga simu akaomba, njoo na jekundu, baba, si lile la kazi, na wakapita juu kule Clee Hill, na kondoo wako barabarani kama walivyo siku zote, wala hawakuwa wanakimbia, polisi walisema hivyo, mwendo wa kawaida kabisa, kondoo kaingia, Emlyn kakata usukani, gari limegonga ukuta wa mawe kwa ubavu, mlango wa Carys umefunguka, basi, hayo tu, yeye Emlyn aliushika usukani akapata alama ya bluu kifuani, alama moja, alimwonyesha akiwa ameinua shati pale hospitali na Glenys akaitazama ile alama akafikiri, ni hiyo tu? Kesi hakuna. Sheria haikuyagusa magari ya zamani ambayo hayakutengenezwa na mikanda, ndivyo alivyoeleza hakimu wa uchunguzi wa kifo, mtu mpole mwenye mafua, akamuuliza Emlyn kwa upole, je, gari lilikuwa na mahali popote pa kufungia mkanda? Na Emlyn akasimama akasema, "Halijachezewa, mheshimiwa. Liko kama lilivyotoka kiwandani." Halijachezewa! Neno lile lile alilokuwa akiwaambia wageni kila Jumapili huku akiligonga gonga gari kwa vidole, halijachezewa hili, na Glenys alikuwa amekaa pembeni yake amemshika mkono, akaubana, maana alimwonea huruma, alimwona ni mjinga tu, mjinga wangu, mtu anayependa gari lake mpaka haoni mengine, haikumjia akilini, mkanda haukuwahi kumpitia kichwani, na mtu ambaye jambo halikumpitia kichwani utamfanya nini, utamchukia vipi, na alijaribu kumchukia, Mungu anajua, alijaribu vizuri tu, kila mara anafika kwenye ule ujinga wake anakwama hapo.

"Sikiliza, Emlyn," Bwana Aldersey ameshusha sauti, ya mtu anayekufanyia hisani, "mimi sitaki kuwatoa kwenye mstari huu. Itoe mikanda sasa hivi, kabla wenzangu hawajafika, matundu tutayahesabu kama kasoro ndogo, nyumbani utayaziba, na mimi nakwambia, kombe ni lenu. Nani anaipenda mikanda hii ya plastiki? Inaonekana kama nguo za ndani zimeanikwa sebuleni!" na anacheka, na Emlyn mkono umeshaingia mfukoni, umeshaishika spana, ona, hata aibu hana, na ndiye aliyekubali, alikubali kwa mdomo wake siku gari lilipomaliza kupakwa rangi, Glenys alisimama mlango wa gereji akasema, ama mikanda ama nalichoma moto, mimi mwenyewe, na kiberiti cha jikoni, na kesho yake akamleta Desmond, fundi wa pale kijijini, Emlyn hakutaka kuwepo, alikwenda kwa dada yake Leominster, na Desmond akalala chini na keekee yake, Glenys amechuchumaa hapo hapo anaangalia vumbi la chuma linavyomwagika, upande wa dereva keekee ilipiga makelele mpaka meno yakamuuma, upande wa abiria ikaingia kimya, kama inatoboa siagi, "Hapa pamelegea, Bi. Glenys," Desmond alisema, "lakini nati itashika," na yeye akafikiri ndivyo vyuma vilivyo, vingine vigumu vingine laini, angejua nini yeye, alikuwa mpishi wa shule.

Na sasa atoe. Mbele yake. Aitoe ile iliyochelewa, sawa, ilichelewa, haikumfunga mtu yeyote ila yeye mwenyewe Glenys akienda sokoni, lakini kila anapoibana inaita klik na kila klik anasema moyoni, hii hapa, mwanangu, na huyu mzee analijua hilo, na bado mkono uko mfukoni, kwa ajili ya kombe, kana kwamba hawana kombe, lipo moja juu ya kabati la vyombo, la kiangazi kile kile, walilishinda Juni na Carys akaondoka Agosti, kuna picha yake amekaa juu ya boneti amelikumbatia, amekunja pua kwa jua, na Glenys analifuta vumbi kila Ijumaa...

"Hebu ngoja," anasema Bwana Aldersey.

Amerudi chini. Tochi, kioo, shavu limegusa kizingiti cha gari. "Hebu ngoja kwanza. Hapa upande wa abiria kuna kitu... Lo! Emlyn, aliyekufanyia hii ni nani? Kuna kiraka hapa. Cha madini ya risasi, ile laini ya mafundi wa zamani wa bodi, kimesuguliwa mpaka hakionekani, nisingekijua milele kama hili tundu la mkanda lisingekikata ukingo. Na hapa cha pili, angalia! Mtu alitoboa matundu ya mkanda hapa zamani, halafu akayaziba, halafu mwingine akaja kutoboa tena pale pale. Kazi safi mno. Huyu mwenye gari kabla yako alikuwa bingwa."

Hakuna mwenye gari kabla yako. Yaani alikuwepo, lakini hakuuza gari, aliuza mifupa, sakafu haikuwepo, sakafu iliota magugu, Emlyn aliikata mwenyewe kutoka bati jipya, Carys bado anatambaa, akaichomelea mwenyewe, na kila anayekuja nyumbani lazima asikie habari ya ile sakafu. Kwa hiyo. Ngoja. Desmond alitoboa baada ya mazishi, na kiraka kilikuwepo kabla ya Desmond, siagi, ile siagi, na mtu wa kutia kiraka hapo ni mmoja tu duniani... na ngazi, ngazi juu ya gari la kazi, kiangazi kile, alifungia ngazi kwa mikanda miwili ya kijivu, mizuri, yenye kifungio cha chuma, na yeye Glenys akiwa anaanika nguo akasema mikanda mizuri hiyo umeitoa wapi, na Emlyn akasema, "Ya bure tu, nilikuwa nayo," na masikio yakawa mekundu, na yeye akafikiri ni jua.

Aliiweka. Ilikuwepo. Alitoboa, akafunga, akamfunga mtoto labda, akamwambia kaa vizuri, halafu klabu ikatangaza kombe, akaitoa, akaziba, akasugua, usiku na usiku mpaka haionekani, halafu akasimama mbele ya yule mtu mpole mwenye mafua, halijachezewa, mheshimiwa, na mkono wake ndani ya mkono wangu. Haikuwa ujinga. Ilimpitia kichwani, tena ikakaa, aliifikiria kwa keekee na kwa spana, akaipima na kombe. Na mimi nimelifuta vumbi. Miaka yote hii kila Ijumaa nalipumulia, nalifuta na kitambaa laini, nalirudisha karibu na picha.

"Sasa je?" Bwana Aldersey anauliza kutoka chini, bado amepiga magoti, tochi bado inawaka mchana kweupe. "Tunaitoa au tunaiacha?" Kipaza sauti bado kinamtafuta mwenye mbwa. Emlyn ametoa spana mfukoni, ameishika tu, hajui aipeleke wapi, masikio yake mekundu mpaka shingoni na jua leo hakuna, mawingu matupu. "Glen, mpenzi," anasema, kwa sauti ya chini, akizitazama nyasi, "unasemaje?" Na Glenys bado anatabasamu lile lile tabasamu, halijatoka, mtu akipita ataona mama mmoja mtulivu anakunywa chai, na chai yenyewe bado ina moto mkononi mwake. Anamngoja ageuke amtazame usoni, ageuke tu, na Emlyn hageuki.