Shoka Lenye Harufu ya Kisamvu

"Huo mchi wangu!"

"Huu mpini wa shoka, mama Sabaha."

"Mpini wa nini? Miaka yote natwangia, leo nishindwe kuujua? Mngoni wewe! Babu zako waliteka vijiji, wewe unateka mchi!"

Nyumba yetu pale Kariakoo ina vyumba sita na ua mmoja, kwa hiyo ugomvi ukianza hapitwi mtu. Chai yangu niliiacha motoni, hata hivyo haikuwa na sukari, nikavuta mbuzi ya kukunia nazi nikakaa.

Shoka lenyewe tulilijua wote. Vitalis, huyo Mngoni mpangaji mwenzetu, alilinunua mtaa wa Gerezani kwenye vyuma chakavu, kichwa kitupu, kutu mwanzo mwisho, bei ya kutupa. Alikuwa amepata kibarua cha kupasua kuni kwenye hoteli moja ya pilau, aanze kesho, na shoka aje nalo mwenyewe. Akalisugua kwa mchanga na mafuta ya taa, akalilaza kwenye maji ya ndimu, akalipiga tupa mpaka nyumba nzima tukaumwa meno. Mpini akaupara kwa kipande cha chupa, akauchora nyoka kwa msumari wa moto, akaupaka mafuta ya nazi. Uling'aa kama bwana harusi.

Sasa mama Sabaha ana wakwe jioni, kisamvu kiko kwenye kinu, mchi hana. Akaitwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Awadhi.

Balozi akaligeuzageuza shoka. "Mti wa huyu, chuma cha huyu. Basi hili ni la ujamaa. Litakaa kwangu."

"Mzee, kesho nina kazi!" Vitalis karibu alie. "Na sikuiba. Nilipewa."

"Na nani?"

Vitalis akamtazama Uwesu, mume wa mama Sabaha. Uwesu akatazama bati.

"Sema, Uwesu. Kibarua changu hicho kinaondoka."

"Nilimpa mimi," Uwesu akasema kwa sauti ya mgonjwa. "Kila alfajiri du! du! du! dirishani kwangu. Nikaona mchi ukipotea, angalau nitalala."

Tulicheka mpaka kuku wakakimbilia barabarani. Mama Sabaha hakucheka. "Vitalis, chomoa hicho chuma. Kisamvu kinaningoja."

Vitalis akagonga kabari, akachomoa kichwa, akampa mpini. Mama Sabaha akatwanga, kainama kidogo maana mti umepunguzwa.

"Mh," akasema. "Lakini hauchubui mikono."

"Nitakuchongea mwingine, dada, na nyoka wake."

"Nyoka wawili. Na mti ananunua Uwesu."

Balozi akakohoa, akasema hivyo ndivyo alivyokuwa anataka kuamua.

Kisamvu kikalainika, ikabaki kuni za kukipikia. Gogo la mwembe lililoshinda wanaume wote wa nyumba lilikuwa bado pale uani. Vitalis akarudishia mpini kwenye shoka, nyoka sasa wa kijani kibichi kwa kisamvu, akatema mate viganjani. Pigo moja, gogo vipande viwili.

Wakwe walipofika, harufu ya nazi ilikuwa imejaa ua mzima. Mama Sabaha akatoka mlangoni na birika la maji ya kunawa.

"Mwizi wangu, nawa uingie. Nafasi ya Uwesu iko wazi."

"Na mimi je?" Uwesu akauliza kutoka barazani.

"Wewe? Kesho alfajiri unatwanga wewe. Haya, ingia ule, upate nguvu."