Nafasi ya Wilbard

Ndugu za baba yangu wana mdomo. Tulimzika baba, Wilbard, kando ya shamba lake la tangawizi hapa Mamba, na udongo haujakauka wao wanamsema.

Wote wanne, baba akiwemo, walifanya kazi kiwanda kimoja cha nyama huko mjini. Ng'ombe alining'inia kwenye mnyororo, akapita mbele ya kila mtu na kazi yake. Baba mkubwa Nicolaus alichuna ngozi. Shangazi Leticia alitoa utumbo. Baba alipasua uti wa mgongo kwa msumeno. Baba mdogo Novatus aligonga muhuri tu, lakini ukimsikia utadhani ng'ombe kawaumba yeye.

"Kwa Wilbard mnyororo ulikuwa unalala," aliwaambia waombolezaji. "Nimezeeka namsubiri yule."

Watu wakacheka. Mimi nilichukia. Tangu msiba uanze nilitaka neno moja zuri juu ya baba kutoka kwao, na nilichopata ni vichekesho.

Siku ya kuanua matanga likaletwa dume. Jirani yetu Salehe akachinja, ili Waislamu na Wakristo tule sufuria moja, akaenda kunawa. Vijana wakalitundika dume kati ya nguzo mbili. Wale wazee wakajipanga wenyewe, hata hawakuambiana, vilevile kama kiwandani. Nicolaus akachuna. Leticia akatoa utumbo, akaitukana nyongo, akasogea. Novatus alisimama mwisho, mkono juu, sijui agonge nini.

Halafu kazi ikasimama. Kati ya Leticia na Novatus palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na msumeno umeegemezwa kwenye nguzo. Hakuna aliyeugusa. Wageni wana njaa, wao wamesimama tu wanaitazama nyama.

Salehe akarudi. "Wazee wangu, mnasubiri nini?"

Novatus akafungua mdomo wake ule, nami nikakunja uso kabisa.

"Wilbard," alisema. "Siku zote anachelewa."

Safari hii hakuna aliyecheka. Novatus alishusha mkono, akaitazama ile nafasi, akalia mzee mzima, kamasi zikamtoka mbele ya wakwe.

"Jenifer mwanangu," shangazi aliniambia, "waambie wa jikoni wangoje. Tumpe muda kidogo."

Jikoni sikwenda. Nilisimama nao palepale tukampa baba muda wake, mpaka wali ukaungua.