Vipimwe Vikiwa Moto

Saa tisa na robo alasiri, fundi alitoa kwenye mashine kiunganishi cha bomba, cha themanini na mbili siku hiyo, akapuliza chenga nyeupe na kukiweka kwenye trei. Kilikuwa bado cha moto. Plastiki ikichongwa na kisu kinachozunguka hupata joto na kuvimba, ikilala usiku kucha husinyaa. Ndiyo maana zamani viunganishi vilipimwa kesho yake.

Meneja mpya hakutaka kusikia habari za kesho. Alikuja na tai ndefu na mdomo mrefu zaidi, akaamuru vipimwe vikiwa moto, kwa sababu vikiwa moto vyote vinafaulu. Akawa anatia sahihi mwenyewe, trei baada ya trei, kifua mbele, mtu ambaye hata mashine kuiwasha hajui.

Wiki ya pili akaanza kupungua, milimita kadhaa kwa kila trei. Mhasibu alisema tu kwamba anapungua vizuri, pande zote sawa. Stoo ilimtolea kiti cha mtoto, baadaye boksi la kiberiti. Watu walilazimika kuinama wakimwamkia, naye akadhani heshima imeongezeka.

Kilichomuuma fundi ni mjomba wake, aliyemlea tangu ana miaka mitatu. Alikuwa wodini akipumua kwa mashine, na kwenye bomba la hewa fundi alikitambua kiunganishi chake. Kilipwaya. Hewa ilikuwa ikivuja, na mke wa mjomba alikuwa amekibana kwa vidole tangu alfajiri.

"Na nikichoka, mwanangu?" aliuliza.

Kesho yake fundi akaingia ofisini. Meneja alikuwa juu ya meza, urefu wa kidole gumba. Fundi alimsihi aviache vilale usiku mmoja tu.

"Bosi, vikipoa vinapwaya. Watu wanakosa pumzi."

"Mwezi mzima niko hapa," meneja alijibu kwa sauti ya mbu. "Sijaona kilichopwaya."

Suti yake, iliyopunguzwa mara ya nne, ilikuwa ikimvuka mabegani. Akaeleza kwamba kalamu imemshinda kuinua, kwa hiyo kuanzia leo fundi atatia sahihi kwa niaba yake. Kama hataki, mlango anaujua, na kadi ya matibabu ya mjomba, inayolipiwa na kiwanda, aiache mezani.

Fundi alimtazama. Angeweza kumpuliza kama chenga, na wala pasingehitajika ufagio. Alimdharau kwa moyo wake wote, kisha akachukua kalamu na kutia sahihi trei kumi na moja.

Jioni alimpokea mke wa mjomba zamu wodini, akakibana kiunganishi kwa vidole vyake mwenyewe mpaka mkono ukafa ganzi.

Asubuhi viatu vyake vilimpwaya. Akavijaza gazeti kwenye ncha, akawahi kazini.