Hewa ya Machuki

Kama kuna mtu Migori aliyeijua hewa kuliko Machuki, basi mtu huyo alikuwa hajazaliwa. Ndivyo Machuki, katibu wa mazingira wa kamati ya soko, alivyowatangazia watu wa bodaboda Ijumaa, amepanda kreti ya soda kama mheshimiwa.

"Kesho barabara ya soko tunafunga. Hakuna pikipiki, hakuna lori. Hii namba itaanguka!" Akaonyesha kimashine cha kupima moshi kilichotundikwa ukutani mwa duka la dawa. Kilisoma arobaini na mbili.

"Na isipoanguka?" akauliza Walter, mwenyekiti wa steji ya bodaboda. Namba ikishuka, steji yake ilikuwa inahamishwa kabisa, hadi nyuma ya machinjio ambako abiria hafiki.

"Isipoanguka, omera, ndugu yangu, steji ubaki nayo, na mimi nikubebe mgongoni, nizunguke nawe soko lote."

Walter alikuwa na kilo mia moja na kitu. Machuki, hata ukimpima na koti na simu, hamsini.

Jumamosi saa nne barabara ilikuwa kimya hadi kuku wakaanza kuvuka bila kuangalia. Machuki alitembea katikati ya lami, mikono nyuma, akikagua hewa utadhani ameiumba yeye. Mara muuza dagaa wa omena akakohoa. Vipande vyeusi, vyepesi kama manyoya, vikawa vinatua juu ya omena wake. Upande wa Uriri anga lilikuwa limegeuka kahawia.

Namba: tisini na sita.

"Pikipiki zangu zimelala nyumbani," Walter akasema taratibu. "Hii ni miwa. Nani amechoma?"

"Watu wasio na elimu!" Machuki akafoka, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Mtu anachoma miwa yake ndiyo kiwanda kije kuivuna haraka, hata haangalii upepo unaelekea wapi. Washikwe!"

Ni kweli upepo hakuwa ameuangalia.

Shangazi yake Orpah, aliyeshushwa na matatu kwenye kizuizi, alikuwa akija kwa miguu akielekea kanisani. Gauni lake jeupe la Sabato lilikuwa na madoadoa kama kanga.

"Machuki, baba," akaita, soko zima likisikia. "Alfajiri nilikupungia mkono pale shambani kwako, umeshika kiberiti. Mbona hukuitika?"

Walter akavaa kofia yake ya pikipiki, akafunga mkanda kidevuni.

"Geuka, katibu," akasema. "Tunaanzia upande wa wauza mahindi."