Kiapo cha Duka la Kindi

Kila Alhamisi Duka la Kindi lilitoa mchezo mmoja bure, na kila Alhamisi watu walimiminika kama nzige. Duka lenyewe halikuwa na mlango wala rafu. Lilikuwa la mtandaoni, likiuza michezo ya kompyuta kutoka ghorofa ya tisa ya jengo la vioo huko Pangyo, Korea. Watu waliingia, wakabeba cha bure, wakatoka bila hata kuaga, kisha wakaenda kwa Wale kununua kwa pesa zao halali.

"Wale" ndilo jina pekee lililoruhusiwa ofisini. Duka kubwa la ng'ambo, ambalo karibu kila mcheza kompyuta duniani alikuwa na akaunti kwake, lilipigwa marufuku kutajwa kwa amri ya Mkurugenzi Tak Gi-cheol, aliyeamini kwamba adui asipotajwa hudhoofika. Tangu Kindi ifunguliwe adui hakutajwa, na tangu Kindi ifunguliwe adui alizidi kunenepa.

Maeng Seon-ah alikuwa mkuu wa takwimu, yaani ndiye aliyelipwa mshahara ili amwambie bosi asichotaka kusikia. Jumatatu moja akasimama mkutanoni, akasema kwamba watu milioni nne walichukua mchezo wa wiki iliyopita, na walioufungua hata mara moja hawafiki elfu tisa.

"Sasa hao wengine waliuchukua wa nini?" Tak akauliza.

"Kwa sababu ni wa bure, Mkurugenzi."

"Wakishauchukua wanakwenda wapi?"

"Kwa Wale. Marafiki zao wako kule, michezo yao ya miaka yote iko kule. Mtu hahami nyumba kwa sababu jirani amempa sufuria."

Bosi mwenye masikio angeshika hiyo habari ya sufuria. Tak alishika jingine kabisa. Aliinuka, akawazungushia macho watu wote mezani.

"Humu ndani, nani hana akaunti kwa Wale?"

Hakuna mkono ulioinuka. Hata aliyekuwa anatafuna aliacha.

"Mnaona? Tunataka Korea nzima iwahame, na sisi wenyewe tunalala kwao! Kikulacho ki nguoni mwako! Ijumaa tutafanya mkutano wa kiapo. Kila mtu atafuta akaunti yake mbele ya wenzake. Na asiyetaka, ajiulize mwenyewe moyo wake uko kampuni gani."

Mkutano wa kiapo si jambo la ajabu kule Korea. Kampuni ya friji ikishindwa kuuza, wafanyakazi wake hupandishwa mlimani alfajiri wakapige kelele kileleni, na friji zinabaki pale pale zilipo. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Iliyoshangaa ni miguu ya Seon-ah, iliyokataa kumtoa chumbani mpaka wenzake wote walipokwisha kutoka.

Akaunti yake kwa Wale ilikuwa na michezo zaidi ya mia sita. Mingi hakuwahi kuigusa. Aliinunua wakati wa punguzo, kama watu wanavyonunua vyombo vya wageni wasiokuja. Ingefutwa yote asingelia. Lakini mmoja haukuwa wake. Ulikuwa wa mama yake.

Mama Seon-ah alikaa mji wa Gangneung, mwenye umri wa miaka sabini na minne, na ulimi ambao haukuwa umezeeka hata siku moja. Zamani alikuwa na shamba la mipeasi. Serikali ikaja na ramani ya reli, ikamlipa, ikang'oa. Yule mama akakaa nyumbani akiangalia ukuta, na kila alipopigiwa simu alisema hana la kusema. Ndipo Seon-ah akampelekea kompyuta kuukuu, akamfungulia kwa akaunti yake mchezo wa kulima, akidhani utamchangamsha wiki mbili. Ukamchangamsha miaka minane. Mle ndani alilima kabichi, akafuga kuku, akapanda mipeasi mstari kwa mstari kama ilivyokuwa kabla ya reli, mpaka ule mti uliopinda karibu na kisima akautafutia mahali pake.

Shamba lote hilo lilikaa ndani ya akaunti ya Seon-ah. Akaunti ikifa, shamba linakufa nalo. Na kuhamia Kindi haikuwezekana, kwa maana Kindi hawakuuza mchezo huo. Seon-ah mwenyewe aliwahi kuomba ununuliwe, na Tak akacheka mpaka akakohoa. "Kulima? Nani analipa pesa akalime?"

Jumatano akampigia mama yake amweleze. Hakupata nafasi.

"Mwanangu, usiniweke sana, kuku hawajala. Halafu yule jirani mpya wa mchezoni anataka kuninunulia mapeasi kwa bei ya kutupa, nimemwambia akamdanganye bibi yake. Wewe umekula?"

"Nimekula, Mama. Nilitaka kukwambia..."

"Basi kama umekula, kalale." Akakata.

Angeweza kupiga tena. Tusimtetee: hakupiga. Alijiambia kwamba kazi ni kazi, kwamba pesa za dawa za mama huyo huyo zinatoka Kindi, kwamba mkataba wake unakwisha mwisho wa mwaka na Tak ana kumbukumbu ya ngamia. Mwoga hakosi sababu, na zake zilikuwa nzuri kweli kweli.

Ijumaa wote walifungwa vitambaa vyekundu vichwani vilivyoandikwa USHINDI. Mkuu wa masoko, Bwana Bong, alijitolea kunyolewa hadharani kuonyesha uchungu wake. Jambo hilo liliwagusa wengi mpaka walipokumbuka kwamba alikuwa na kipara tangu siku walipoajiriwa. Mashine ilipita kichwani mwake ikitafuta kazi.

Wakaitwa kwa vyeo. Tak akawa wa kwanza. Aliinua simu juu, akabonyeza, akapiga kelele, "Nimefuta!" Wote wakajibu, "Ushindi!" na ngumi hewani. Akafuata Bong, akafuata Bwana Ham wa hesabu, anayekaa dawati la pili kutoka kwa Seon-ah, akibonyeza kwa uchangamfu wa mtu anayezima kengele ya kuamkia siku ya mapumziko.

Zamu ya Seon-ah ilipofika, simu ilimwuliza kama ana hakika. Ikamwonya kwamba kila kitu kitapotea na hakitarudi. Duka la Wale lina adabu zake: lilimwuliza mara mbili. Watu sabini walimsubiri na ngumi zao tayari. Akaona aibu kuwachelewesha. Akabonyeza.

"Nimefuta," akasema. Sauti ilitoka ndogo, lakini hawakuijali.

"Ushindi!"

Jioni hiyo hiyo kampuni iliwapeleka kula nyama ya kuchoma, maana kiapo kisichofuatwa na nyama huhesabiwa hakikushika. Tak aliwamiminia pombe ya soju kwa mkono wake mwenyewe na kuwaita wanawe. Nyama ilikuwa inageuzwa mara ya pili, yeye amesimama na kikombe akieleza jinsi Wale watakavyotetemeka, ndipo simu ya Ham ikalia. Ikalia ya Bong. Kisha zikalia zote kwa pamoja, mifukoni, mikobani, chini ya mito ya kukalia. Ya Tak ilikuwa mezani karibu na bakuli la kachumbari ya kimchi, ikawaka uso juu, na kila aliyekaa karibu akasoma: *Punguzo kubwa la msimu limeanza. Michezo uliyokuwa ukiitamani sasa ni nusu bei. Karibu tena.*

Ujumbe ulitoka kwa Wale, na Wale huwatumia wenye akaunti tu.

Tak aliigeuza simu kifudifudi bila kukatisha hotuba. "Kama nilivyosema," akaendelea, "watatetemeka." Watu wakapiga makofi kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa chini ya meza unatazama bei.

Simu ya Seon-ah peke yake ndiyo iliyonyamaza.

"Ham," akanong'ona. "Si ulifuta? Nimekuona kwa macho yangu."

"Nilifuta, ndiyo. Ile niliyofungua Jumanne."

"Uliyofungua Jumanne?"

"Mpya, tupu kabisa. Sote tulifungua, tulipanga kule juu ya paa tunakovutia sigara. Kwani..." Ham akaacha kutafuna. "Dada Seon-ah. Usiniambie ulifuta ya kweli."

Seon-ah akamgeuzia simu yake, isiyo na ujumbe hata mmoja.

"Lahaula! Hata bosi hakufuta ya kweli! Yeye ndiye aliyemwomba Bong amfungulie ya bandia, mwenyewe hajui kufungua!"

Kwa hiyo katika wiki ile ya kiapo Wale walipata wanachama wapya sabini kutoka jengo moja la Pangyo, wakawapoteza wote Ijumaa, na wa kweli aliyepotea ni mmoja tu, mkuu wa takwimu. Wajinga ndio waliwao. Seon-ah aliweka vijiti chini. Alikuwa na hasira, na mbaya zaidi hakujua amwelekezee nani, maana waongo wote pale mezani hawakumkosea, walipita tu njia ambayo hata paka angeiona. Akachukua koti lake. Tak akamwita, "Unakwenda wapi, mwanangu? Bado duru ya pili ya vinywaji!" Akatoka bila kuinama kumuaga.

Jumamosi asubuhi alipanda treni ya Gangneung. Reli inapita pale pale palipokuwa na mipeasi, na treni huenda kasi mno hata usione kitu.

Mama yake alikuwa mbele ya kompyuta, miwani puani.

"Afadhali umekuja. Mtandao umeharibika. Inaniambia hakuna mtu kama mimi."

Seon-ah alipiga magoti sakafuni, kama alipokuwa mtoto amevunja kitu, akaeleza yote: Alhamisi, sufuria, vitambaa, kiapo. 

"Na huyo bosi wako, yeye alifuta?"

"Hapana, Mama."

"Na yule mwenye kipara?"

"Hapana."

"Nani mwingine alifuta?"

"Mimi tu."

Mama Seon-ah akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akairudisha.

"Lile la kwanza walilichukua watu wa reli. Lakini wao walibisha hodi, wakanilipa, wakaniletea na sanduku la sabuni. La pili limechukuliwa na mtoto niliyemzaa, na sikuletewa hata sabuni." Akasukuma kibodi kuelekea kwake. "Fungua."

"Nifungue nini?"

"Akaunti. Kule kule."

"Mama, mimi nafanya kazi Kindi."

"Nimekuuliza unafanya kazi wapi?"

Seon-ah akafungua. Akalipia mchezo, nusu bei, kwa sababu punguzo lilikuwa bado. Kwenye kioo pakatokea kibanda kimoja, jembe moja, na ardhi yenye mawe na magugu mpaka ukingoni. Akakaa karibu na mama yake, bega kwa bega, ashike kipanya yeye ili kazi iende haraka.

"Tuanze na mipeasi," akasema. "Mstari wa kisima naukumbuka. Nitakupangia yote kama ilivyokuwa."

"Hapana. Panda kabichi."

"Na mipeasi, Mama?"

"Mipeasi inataka mtu mwenye miaka mbele yake," mama yake akasema. "Panda kabichi."